Pesa za kampeni Marekani: hivi zinanunua ushindi, au kitu kingine?

Nahodha

Wakuu, habari za jioni. Kila uchaguzi wa Marekani ukipita tunasikia wimbo uleule: fulani kanunua kiti. Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake unawafaa haohao wenye pesa. Nieleze, halafu mnipinge.

Tuanze na walioanguka. Kamati iliyompigia debe Jeb Bush kwenye mbio za urais ilikusanya zaidi ya dola milioni 100. Februari 2016 alikuwa ameshajitoa. Mwaka 2020 Michael Bloomberg alitoa mfukoni mwake zaidi ya dola bilioni 1, akaambulia ushindi wa visiwa vya Samoa ya Marekani katika mchujo wa chama cha Democratic. Kamala Harris naye alivuka bilioni 1 ndani ya miezi michache mwaka 2024. Ikulu hakuingia hata mmoja. Kiti cha urais kila mtu anakitazama, na aliyekwisha kuamua habadilishwi na tangazo la televisheni hata likirushwa mara mia.

Nguvu ya pesa iko kwingine. Mapema 2013 ilivuja ratiba ambayo wabunge wapya wa Democratic walipewa na chama chao: katika siku ya kazi ya saa tisa au kumi, saa nne ni za kupiga simu kuomba michango. Vikao vya kamati na vya bunge lenyewe vilipewa saa mbili. Na kwa kuwa ni marufuku kuomba fedha za kampeni ndani ya ofisi za serikali, mheshimiwa anatoka, anakwenda jengo la chama, anajifungia kwenye kijichumba na orodha ya namba. David Jolly, Republican wa Florida, alisema hadharani mwaka 2016 kwamba alitakiwa kukusanya dola 18,000 kila siku. Sasa niambieni, kwa lengo hilo utampigia mwalimu wa shule ya msingi? Unampigia wakili, daktari bingwa, mwenye majengo. Muhula wenyewe ni miaka 2, kwa hiyo hakuna kupumzika. Bahasha haipo, rushwa haipo. Ila mwisho wa siku mbunge anazijua shida za watu wa aina moja tu, na anaamini kwa dhati kwamba ndizo shida za nchi.

Sheria ndiyo imetufikisha hapa. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley v. Valeo, Mahakama ya Juu ilisema mchango kwa mgombea unaweza kuwekewa ukomo, lakini matumizi hayawezi, kwa sababu kutumia fedha kujieleza ni sehemu ya uhuru wa kusema. Mwaka 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, kesi ya Citizens United ikayaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia watakavyo, mradi wasipange mambo pamoja na mgombea. Kamati ziitwazo super PAC, zinazopokea na kutumia fedha bila ukomo, zikazaliwa mwaka huohuo. Matokeo yake, mwaka 2024 mtu hakuruhusiwa kumpa mgombea zaidi ya dola 3,300 kwa kila uchaguzi, huku Elon Musk akitumia zaidi ya milioni 250 kumsaidia Trump. Eti hawakupanga pamoja. Haya.

Mkata Tiketi

Mkuu, Mahakama unaionea. Kesi ya Citizens United ilihusu filamu ya kumponda Hillary Clinton, ambayo sheria ilizuia isirushwe siku 30 kabla ya kura za mchujo. Majaji wakamuuliza wakili wa serikali: na kitabu je, kikitolewa na kampuni? Akakubali kwamba kimsingi nacho kingeweza kuzuiwa. Sisi tunaojua gazeti linavyofungiwa kwa barua moja tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka.

Pia huo ukomo unaoupenda unawekwa na nani? Na wabunge waliopo, ambao majina yao yanajulikana tayari. Mwaka 1968 Seneta Eugene McCarthy alimtikisa Rais Johnson kwa kupinga vita ya Vietnam, na aliweza kwa sababu matajiri wachache walimpa fedha nyingi kwa mkupuo. McCarthy huyo alikuwa miongoni mwa walalamikaji katika Buckley. Mgeni asiye na jina hawezi kuanza na dola ishirini ishirini.

Mama Tausi, Columbus

Ndugu zangu, mimi niko Ohio, niwape ya huku. Mwaka 2024 seneta wetu Sherrod Brown, mwenyekiti wa kamati ya mabenki na mtu asiyezipenda sarafu za kidijitali, alishukiwa na dola milioni 40 za kampuni za sarafu hizo kupitia mtandao wa kamati ya Fairshake. Matangazo tuliyaona mpaka tukachoka. Yalimpamba Bernie Moreno, mpinzani wake. Sarafu za kidijitali hazikutajwa kabisa. Brown akaanguka. Labda angeanguka tu, Ohio ilishageuka. Lakini maseneta waliobaki waliona. Julai 2025 sheria waliyoitaka wenye sarafu ilisainiwa, na katika Seneti Democrats 18 waliipigia kura ya ndiyo. Yule aliyeogopa hata hakuhitaji kupewa senti.

Jingine: mimi nina kadi ya kijani. Kura siruhusiwi, kuchangia mgombea naruhusiwa.

Sauti ya Mtaa

Kumbe takrima ipo hadi kwa wakubwa 😂

Nahodha

@Sauti ya Mtaa, Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006. Kule, Musk alitangaza milioni 1 kila siku kwa mpiga kura aliyesaini waraka wake, mwendesha mashtaka wa Philadelphia akaenda mahakamani, jaji akakataa kumzuia.

@Mama Tausi, hapo umenisemea.

Mkata Tiketi

Machi 2025 Musk huyohuyo alikabidhi hundi mbili za milioni 1 pale Green Bay, Wisconsin. Jaji ambaye Musk alimuunga mkono katika uchaguzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo akashindwa kwa karibu asilimia 10. Wananchi si mazuzu.

Nahodha

Sawa, lakini kiti cha jaji mmoja wa jimbo kiligharimu zaidi ya dola milioni 100 kwa pande zote! Mshindi naye alikuwa na mabilionea wake, akina Soros na Gavana Pritzker wa Illinois. Kesho wakija mbele yake?

Mwana wa Kampala

Mbona hamtaji New York? Zohran Mamdani, mzaliwa wa kwetu Kampala, aligombea umeya 2025. Jiji linaongeza dola 8 kwa kila dola 1 ya mkazi, hadi mchango wa dola 250. Machi akawaambia wafuasi waache kuchangia, kiwango kimejaa. Kamati ya kumsaidia mpinzani wake, gavana wa zamani Andrew Cuomo, ilivuka milioni 20, Bloomberg peke yake akiweka zaidi ya 8. Mamdani akashinda mchujo wa Juni na uchaguzi wa Novemba. Tena saa za simu zikapungua, akawa mtaani.

Mkata Tiketi

Hiyo nyongeza ni kodi, na anailipa hata asiyemtaka. Halafu ni mfumo huohuo ambao waendesha mashtaka walidai Eric Adams, aliyekuwa meya kabla ya Mamdani, aliuchezea 2021 kwa wachangiaji wa kupandikizwa, yaani wanaotoa fedha za mtu mwingine kwa majina yao. Kesi ikafutwa Aprili 2025 bila kusikilizwa.

Mwana wa Kampala

Mahakama ilifuta, bodi ya fedha za kampeni haikufuta. Ilimnyima nyongeza Desemba 2024 na ikaendelea kumnyima baada ya kesi kufa. Septemba 2025 akajitoa kwenye mbio za umeya, na mwenyewe alitaja ukosefu wa fedha hizo kuwa sababu mojawapo.