Nimewaita wanachama 400 "Ndugu 0" kwa sababu ya vijiti viwili!!!

Wakuu, naandika bado natetemeka. Huyo bwana wa kutunza data (database) mnamjua, simtaji. Kila hosting (seva ya kukodi) ya bei chee unamkuta humo humo, kama kunguni na kitanda cha gesti.

Bosi kasema tuhamie kwake, tubane matumizi. Haya. Amri zangu kwa tembo, PostgreSQL, database yetu ya zamani, zimekula miaka bila kunung'unika. Nimehamisha, nimejaribu, hakuna kosa hata moja. Leo saa 2 asubuhi meseji za SACCOS zinatoka: "Ndugu 0, unakumbushwa kulipa rejesho lako."

NDUGU SIFURI. Mwenyekiti wa bodi, sifuri. Mke wa mwenyekiti, sifuri. Mzee mmoja mstaafu kaja ofisini na fimbo, anauliza sifuri ni nani.

Nimeandika jina || ' ' || ukoo. Vijiti viwili, kuunga maneno, iko kwenye kiwango cha 1992 cha SQL, lugha ya database! Yeye anavisoma "AU", ile ya kweli (1) au uongo (0). Anamchukua Asha, anamgeuza namba, sifuri. Anamchukua Juma, sifuri. Sifuri au sifuri, sifuri! Na kosa hatoi, kaacha onyo kule uchochoroni asikopita mtu.

Kuna duka limesajiliwa "2 Ndugu Hardware". Hilo kwa vile linaanza na namba, likapata "Ndugu 1". Katika watu 400, aliyehesabiwa mtu ni duka la misumari!

NDUGU SIFURI jamani.

Kidume wa Seva: Ndugu 0, pole sana 😂😂

Mzee wa Jedwali: Hiyo ni MySQL. Tumia CONCAT() kuunga maneno, au washa mpangilio wa PIPES_AS_CONCAT vijiti viunge, acha kulia. Maelekezo yapo, hamsomi.

Mleta uzi: Nisome maelekezo saa ngapi mkuu, mzee bado yupo mapokezi na fimbo!

Fundi Saa Sita: Unalilia sifuri? Njoo kwa yule wa matajiri, Oracle. Unamwekea neno tupu '', anakugeuzia kuwa NULL, yaani hakuna thamani. Ukitafuta = '' hupati hata mstari mmoja. Na leseni umelipia.

Kidume wa Seva: Huyo nilimkimbia 2019, sirudi.

Ngosha Data: Heri yenu. Jana nusu siku natafuta mistari 10 ya kwanza tu. Huyu anataka LIMIT, yule TOP, mwingine ROWNUM. Kiwango cha 2008 kikaleta FETCH FIRST ili yaishe, huyu wa mleta uzi haitambui kabisa.

Mleta uzi: Si ndiyo nasema! Sasa wanachama niwaombe radhi kwa jina gani?

Mama Kweri: Samahani wakuu, hivi SQL inatamkwa "sikwo" au "esi-kyu-eli"?

Fundi Saa Sita: Anayesema sikwo hajawahi kulipwa mshahara.

Mama Kweri: Mimi nasema sikwo na nimejenga.

Ngosha Data: Umejenga wapi dada? Viwanja huko vinaendaje?