Majibu yamekaa kwenye faili miezi minne, halafu naulizwa NILIKUWA WAPI!

Wadau, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, mnivumilie.

Nilipima saratani ya mlango wa kizazi, nikaambiwa "majibu yakitoka tutakupigia." Namba ya simu niliiandika kwenye fomu mara mbili, juu na chini. Kimya. Nikajipa moyo kwamba wangeona kitu wangepiga. Miezi minne baadaye nimeenda kwa shida nyingine kabisa, mhudumu kafungua faili, kapaza sauti foleni nzima inasikia: "Kumbe ni wewe mwenye saratani? Ulikuwa wapi siku zote?"

Miguu iliniisha nguvu. Karatasi yenyewe imekunjwa mara nne, imeandikwa HSIL, pembeni alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Basi. Nimehangaika wiki nzima nikijiona maiti, kumbe HSIL si saratani! Ni seli zilizobadilika kiasi cha kuhitaji uchunguzi wa karibu upesi, ili zitibiwe kabla hazijafika huko. Si ndiyo sababu tunavumilia kile chuma baridi? Sasa mnaliona tatizo mapema, halafu mnalifungia kabatini?

Na daktari wa kwanza kuniona, swali lake la kwanza: una wanaume wangapi. Nina ndoa ya miaka 14 na mwanamume mmoja. Virusi vya HPV, ambavyo ndivyo huzibadilisha seli hizo, huambukizwa kwa kujamiiana na huwapata wengi waliowahi kujamiiana, wake kwa waume, na vinaweza kujificha mwilini miaka bila dalili. Mara nyingi mwili huvimaliza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yeye anajua haya kuliko mimi, kasomea. Sasa lile swali lilikuwa la tiba au la umbea?

Rufaa nimeipata kwa kugombana. Huko angalau dada mmoja alinigeuzia skrini nione: wamepaka ile dawa yenye harufu ya siki, tumesubiri kidogo, kipande kikageuka cheupe kama maziwa mgando. Wamekata kinyama, kikarudi na CIN 2, yaani seli zimebadilika kwa kiwango cha kati ila bado si saratani, wakaja kukiondoa kwa waya wa umeme nikiwa na ganzi. Haikufika nusu saa. Miezi minne kabatini kwa kazi ya nusu saa!

Narudi baada ya miezi 12 kupimwa tena HPV. Natoka, mapokezi wananipa fomu nijaze namba ya simu.

Nimeiandika mara tatu.