Fomula ya INDEX na MATCH imeikataa kolamu ya Kigamboni

Swali

Habari za jioni wakuu. Natunza bei kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Bei zetu zinafuata mahali mzigo unaposhushwa: dukani, Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto. Niliyempokea kazi ameniachia fomula hii ya Excel kwenye shiti ya ankara:

=INDEX(Bei!$B$2:$E$85,MATCH(A5,Bei!$A$2:$A$85,0),MATCH(B5,Bei!$B$1:$E$1,0))

Wiki hii bosi kataka Kigamboni iwe na bei yake, maana gari linalipa tozo pale darajani. Nimeiweka kolamu F, ikaleta #N/A. Nikabadilisha ile $E$1 ya mwisho iwe $F$1, ikaja #REF!. Sasa naandika kwa mkono, na jana nimempa mteja wa nondo bei ya Mbagala. Sitaki kurekebishiwa tu, nataka niielewe. Fomula ndani ya fomula naisoma kuanzia kushoto, nafika katikati nimepotea.

Jibu

Dada, anzia kwenye mabano ya ndani. MATCH haileti bei, inaleta namba ya nafasi. Ya kwanza inauliza: bidhaa iliyo A5 ni ya ngapi kwenye orodha? Ya pili: eneo lililo B5 ni la ngapi, ukihesabu kutoka B1? INDEX ikishazipata namba hizo mbili ndipo inachukua bei pale mstari na kolamu vinapokutana. Ile 0 inadai jina lifanane kabisa, usiiguse.

Mwanzo MATCH ilitafuta Kigamboni kwenye vichwa vinne, haikuiona: #N/A. Ulipoweka F ikaiona, ikajibu 5. Lakini jedwali la INDEX bado linaishia E, lina kolamu nne tu. Imetumwa kolamu ya tano ambayo kwake haipo: #REF!. Weka $F$85 badala ya $E$85, halafu ishushe fomula mistari yote.

Ujionee mwenyewe: pale juu inapoandikwa fomula, chagua MATCH ya pili yote mpaka mabano yake ya kufunga, bonyeza F9. Itageuka 5. Toka kwa Esc. Ukibonyeza Enter, hiyo 5 inabaki humo moja kwa moja.

Jibu

Eneo jipya likija tena, chomeka kolamu kabla ya ile ya mwisho. Excel itatanua jedwali na vichwa yenyewe.

Muuliza swali

Asante sana kaka zangu. Nimeiona ile 5 kwa macho yangu, na Kigamboni imefunguka. Mstari mmoja tu uligoma, wa nondo ya milimita 12. Nikapiga F9 kwenye MATCH ya kwanza, ikatoa #N/A, nikajua tatizo ni jina. Kumbe kwenye ankara kuna nafasi imeachwa baada ya herufi ya mwisho, haionekani mpaka uingie ndani ya seli. Nimeifuta, bei imekuja. Namwandikia yule mteja ankara upya sasa hivi.