Tupeane uzoefu: siku ruzuku ilipoingia kwenye kikundi chenu cha maigizo

Mshika Pazia
Wakuu, habari za jioni. Kuna kijana wa mtaani kwetu kaniletea andiko la mradi nimpitishie macho. Wako tisa, wote wa kujitolea, mazoezi wanafanyia nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, na igizo lao ni la mimba za utotoni. Mfadhili anatoa milioni sita. Nimesoma mpaka kwenye jedwali, pale palipoandikwa "mchango wa kikundi", nikaweka karatasi chini. Nimekumbuka mbali. Mliowahi kupata hizi hela, au kuzikosa, hebu semeni ilikuwaje, kijana asije akaingia kichwa kichwa.

Kibwagizo
Yangu ni ya kukosa. Kibali chetu cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kilikuwa kimeisha muda, dirisha la maombi limebakiza wiki, na afisa utamaduni yuko safarini. Basi.

Msewe
Hapo hapo kwenye "mchango wa kikundi" ndipo sisi tulipofia. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Ilikuwa 2014, Morogoro. Tulikuwa kumi na wawili, mimi katibu. Fomu ilitaka tuonyeshe kikundi chenyewe kinachangia nini. Hela hatuna, kwa hiyo aliyekuwa anatufundisha kuandika akasema thaminini muda wenu. Nikapiga hesabu: mazoezi 40, watu 12, kila mtu 5,000 kwa zoezi moja. Ikaja 2,400,000. Nikaandika "Muda wa wanachama". Tukapita. Hela halisi iliyotoka ilikuwa milioni nne na nusu, ya spika, mavazi na usafiri wa kata tano. Ile 2,400,000 haikuwepo benki wala mfukoni kwa mtu. Ni jasho letu lililoandikwa kwa tarakimu.

Nilipokwenda kutoa kopi nikasahau ukurasa mmoja kwenye mashine. Mwenye steshenari ni shemeji wa mwenzetu aliyekuwa anaigiza kama baba mkwe. Kufikia Ijumaa kila mtu anajua katibu kakalia 200,000 ya kila mmoja wao. Mimi sina habari.

Jumamosi ndiyo onyesho la kwanza, uwanja wa shule ya msingi. Mgeni wa mfadhili amekaa kiti cha plastiki mstari wa mbele, daftari gotini. Watoto wamejaa mpaka juu ya ukuta. Nikazunguka nyuma ya darasa kuwaita waigizaji, nawakuta chini ya mwarobaini na nguo zao za nyumbani. Mavazi mapya wameyakunja vizuri, wameyaweka juu ya ngoma. Baba mkwe akanikunjulia ile karatasi, imechakaa, pale kwenye tarakimu pana alama ya kidole chenye wino. Akasema, "Katibu, tupe chetu tupande."

Nikaeleza. Nikarudia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Mtu anaona hela imeandikwa kwa kazi yake, wewe unamwambia haipo, utamshikisha nini?

Aliyetoka ni bibi mmoja wa kikundi, makamo ya mama yangu. Nafasi yake ilikuwa mkunga, maneno hayafiki kumi. Akafunga kanga kifuani, akamshika mpiga ngoma mkono, wakaingia uwanjani wawili tu. Alilibeba igizo lote dakika ishirini. Mara binti, mara mama, mara mkunga. Wanawake kule mbele walikuwa wanajifuta macho kwa ncha za mitandio. Mimi niko nyuma ya darasa nimekumbatia mavazi.

Awamu ya pili haikuja, orodha ya washiriki ilikuwa na saini mbili. Kikundi kikafa mwezi uleule. Baba mkwe hanisalimii mpaka leo, na tunaswali msikiti mmoja.

Zeze
Dah. Pole sana kaka.

Kata Kiu
Pole, lakini kosa ni lako. Wanachama wanaionaje bajeti yao kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kopi?

Msewe
Ni kweli sikuwasomea. Niliogopa wakisikia milioni nne na nusu watataka posho. Lakini mwizi sikuwa.

Kata Kiu
Sijasema mwizi. Nimesema uliwaficha, na anayefichwa atajaza mwenyewe.

Zeze
Kata Kiu, mtu kafungua kidonda miaka yote hii, punguza.

Mama wa Jukwaa
Sisi Lindi kilichotuumiza ni risiti. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila shilingi. Haya, mama lishe wa kijijini akupe EFD ya sahani thelathini za wali maharage? Bodaboda je? Nililipa 310,000 kutoka mfukoni kwangu kufidia matumizi "yasiyo na uthibitisho", na chakula watu walikula, niliwaona kwa macho yangu. Mwambie huyo kijana: kabla ya kusaini mkataba, aombe kiandikwe kipengele cha hati ya malipo kwa wasio na mashine, yaani jina, saini, simu na kiasi. Wengi hukubali ukiomba mapema. Ukiomba baadaye unaonekana unafunika kitu.

Wa Limuru
Ndugu zangu, mimi niko Kenya. Kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, 1977, wanakijiji walijenga jukwaa lao wenyewe. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani, kwa mikono yao. Hakuna mfadhili, hakuna fomu. Hela ya mtu huja na mdomo wake.

Kibwagizo
Na serikali ikafuta kibali cha igizo lao mwaka huohuo, kisha 1982 polisi wakalibomoa jukwaa. Kukosa mfadhili hakukuwaokoa.

Wa Limuru
Sikusema kuliwaokoa. Nasema lilikuwa lao. Hakuna aliyemdai mwenzake 200,000 chini ya mti.

Msewe
Hapo umenigusa.

Fundi Taa
Wazee mnakumbuka Mfuko wa Utamaduni ulioanzishwa 1998 kwa msaada wa Sweden? Ule ulitoa ruzuku. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa sasa habari yake kubwa ni mikopo, na igizo la bure halirejeshi mkopo. Sisi tulifanya hivi: tukaomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2), hauna riba, kama kikundi cha kukodisha viti na turubai. Viti vinaenda harusini na misibani, marejesho yanatoka humo, kinachobaki kinalipa nauli za mazoezi. Ruzuku ikija tunaipokea, isipokuja tunaigiza. Shida moja: Jumamosi za harusi nusu ya waigizaji wanabeba viti.

Zeze
Ushauri wangu: msitangaze chochote mpaka hela iingie. Ikitangazwa mapema kila mtu ameshaitumia kichwani.

Kata Kiu
Ndicho alichofanya Msewe! Bandikeni bajeti ukutani siku ileile mnayotuma maombi.

Mama wa Jukwaa
Msewe, yule bibi yupo?

Msewe
Yupo. Siku za kliniki anakaa na wajawazito kwenye benchi, anawasimulia ileile ya mkunga. Halipwi na mtu.

Mshika Pazia
Nimempigia kijana sasa hivi. Nimemuuliza wenzake wanane wameliona lile jedwali? Kimya, halafu akasema, "Bado, mzee." Jumapili nakwenda kwenye mazoezi yao, atawasomea mstari kwa mstari nikiwa nimekaa hapo.

Msewe
Mwambie chini ya "Muda wa wanachama" aandike kwa herufi kubwa: HII SI FEDHA. Wote tisa waweke saini pembeni yake.

Fundi Taa
Na akitoka steshenari afunue mfuniko wa mashine atazame.