Kimea kinalainisha uji wa muhogo, mbona hakigusi gugumaji?

Mwaloni22
Habari za leo wakuu. Naandaa jaribio la kidato cha sita hapa Mwanza. Uji wa muhogo ukitiwa kimea cha mtama unakuwa mwepesi ndani ya robo saa. Unga wa gugumaji kutoka ziwani, kwa kimea kilekile na joto lilelile, unalala usiku kucha ukiwa vilevile. Wanga wa muhogo ni glukosi, selulosi ya gugumaji nayo ni glukosi. Sitaki kuwajibu wanafunzi "kufuli na ufunguo" (kwamba kimeng'enya hukubali umbo linalokitosha tu) nikaishia hapo.

JiweKubwa
Mkuu, angalia glukosi zimeshikanaje. Kwenye wanga bondi ni alfa-1,4, hivyo mnyororo unajiviringa kama springi. Kwenye selulosi ni beta-1,4: kila glukosi imegeuzwa nyuzi 180 dhidi ya jirani yake, na mnyororo unanyooka kama utepe.

Amilesi ya kimea, yaani kimeng'enya (protini) kinachokata wanga, ina mfereji uliopinda. Mnyororo wa wanga unakaa humo vizuri, na oksijeni ya bondi inafika palepale penye asidi glutamiki, inayoipa protoni, huku asidi aspatiki ikiishambulia kaboni namba 1 kutoka upande wa pili. Kati ya asidi hizo mbili kuna kama nusu nanomita tu. Utepe wa selulosi haulali kwenye mfereji huo, na bondi yake inaelekea kwingine kabisa.

Selulesi (vimeng'enya vinavyokata selulosi) za kuvu wa Trichoderma zimeumbwa vingine. Mojawapo ina handaki: mnyororo mmoja unapenya kama uzi kwenye tundu la sindano, unakatwa glukosi mbili mbili.

DagaaMchele
Kwa upande wa maabara: iodini haipimi selulosi, tumia Benedict, kipimo cha sukari. Ila kimea chenyewe kina sukari, kwa hiyo rangi itabadilika hata bila gugumaji, na wengi hudanganyika hapo. Weka mirija mitatu: gugumaji na kimea, kimea peke yake, gugumaji na kimea kilichochemshwa dakika 10. Shina la gugumaji huhifadhi wanga, kwa hiyo chukua vikonyo vya majani, na uvijaribu kwa iodini kwanza. Vikitoa bluu, wanga bado upo.

Uji: gramu 50 za unga kwa nusu lita ya maji. Uive, upoe hadi 60–65°C, ndipo utie gramu 5 za kimea. Ukitia ungali unatokota, protini inakunjuka na mfereji unapotea.

Mwaloni22
Shukrani sana. Na nikinunua selulesi, itamaliza gugumaji lenyewe?

JiweKubwa
Kidogo tu. Lignini, kitu kigumu cha mimea, imeifunika selulosi, na tepe zenyewe zimebanana kwa bondi za haidrojeni hata kimeng'enya hakipati pa kushika. Loweka unga kwanza kwenye sodiamu haidroksaidi ya 2% (vaa glavu na miwani), suuza sana, kisha tumia bafa ya asetati (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) yenye pH 4.8–5 kwenye 50°C. Usuuzaji usiufanye haraka: alkali ikibaki, asidi glutamiki inapoteza protoni yake, na bondi haikatiki hata kama mnyororo umeshaingia handakini.