Daftari la Ndoto: Siku ya 19

Mwanaidi, saa 1:10 asubuhi
Hamjambo, ndugu zangu. Leo ni siku ya 19 tangu tukubaliane kwamba kila mmoja wetu ataandika ndoto zake mara tu anapoamka, na kati ya watu tisa waliomo humu, aliyeripoti asubuhi hii ni mmoja tu, ambaye ni mimi mwenyewe. Naomba kila mtu aseme, hata kwa sentensi moja, kama aliandika au hakuandika, na kama hakuandika aeleze kilichomzuia.

Mwanaidi, saa 1:14 asubuhi
Nawakumbusha kwamba lengo letu ni kujua, tukiwa bado ndotoni, kuwa tunaota, na ni vigumu mtu kutambua hivyo ikiwa hata ndoto zake za kawaida zinampotea kabla hajanawa uso. Daftari ndilo linalotuonyesha yale yanayojirudia, kama nyumba tuliyohama zamani au mtihani ambao hatukuusomea, na hayo ndiyo yatakayotushtua siku moja tujiulize, tukiwa humo humo ndotoni, kama kweli tuko macho.

Zuberi, saa 1:40 asubuhi
Mimi niliandika, dada. Niliota kwamba nimeamka, nikajaza kurasa tatu kwa mwandiko mzuri ambao sijawahi kuwa nao, kisha nikaamka kweli na kulikuta daftari jeupe. Naomba kurasa hizo zihesabiwe.

Mwanaidi, saa 1:43 asubuhi
Unacheka, lakini huo mwandiko mzuri ndio uliokuwa ishara yako. Ungesoma mstari mmoja, ukatazama pembeni, kisha ukausoma tena, huenda ungeona maneno yamebadilika, kwa sababu maandishi ya ndotoni mara nyingi hayatulii. Liandike tukio hilo leo kabla halijafifia.

Hamisi, saa 2:05 asubuhi
Mimi sikuandika. Nikiamka nakuwa na ndoto nzima mkononi, lakini nikigeuka tu kuitafuta kalamu, haipo tena. Wiki ya kwanza nilijitahidi, ila kufungua daftari kila siku na kuandika kwamba sikumbuki kitu kunachosha.

Mwanaidi, saa 2:09 asubuhi
Usigeuke, Hamisi. Baki ulivyolala, macho yakiwa yamefumbwa, ushike picha ya mwisho uliyoiona, kisha uifuate kinyumenyume hadi pale kumbukumbu itakapokatika, na hapo ndipo unyooshe mkono. Maneno matano yanatosha, mengine utayajaza baadaye. Na usipokumbuka kitu, andika hivyo hivyo pamoja na hali uliyoamka nayo, kwa kuwa ukiruka siku moja kwa aibu, siku ya pili huwa rahisi zaidi kuiruka.

Mwanaidi, saa 2:16 asubuhi
Sasa nina mapendekezo mawili. La kwanza linatokana na usingizi wenyewe, ambao huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kile kipindi cha macho kuchezacheza, ambacho ndicho chenye ndoto nyingi zilizo wazi, hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Kwa hiyo nitampigia kila mmoja simu saa kumi na nusu alfajiri ili aandike, kisha arudi kulala akijiambia kwamba akiota tena atatambua. La pili ni kwamba kila asubuhi mtu atume humu picha ya ukurasa wake, ili tusidanganyane.

Hamisi, saa 2:18 asubuhi
Saa kumi na nusu ndiyo kwanza nimepata usingizi baada ya zamu. Tafadhali.

Salma, saa 2:31 asubuhi
Picha ya ukurasa wangu sitatuma. Wengine humu wanajua kwa nini.

Zuberi, saa 2:33 asubuhi
Lile daftari la kijani lilikuwa limeachwa wazi mezani.

Salma, saa 2:34 asubuhi
Lilikuwa chini ya mto wangu.

*Zuberi amefuta ujumbe huu.*

Salma, saa 2:41 asubuhi
Nimeanza upya mara nne tangu siku ile, na kila mara mkono wangu huacha nusu ya ndoto bila kuiandika, kwa sababu nafikiria itakavyosikika ikisomwa mbele ya watu. Mtu anayeandika hivyo hawezi kuyaona yanayojirudia, kwa kuwa yanayojirudia ndiyo anayoyaficha. Dada Mwanaidi, umetafuta sababu za uvivu wetu kila mahali isipokuwa hapo.

Mwanaidi, saa 2:50 asubuhi
Salma, mambo hayo yalikwisha zungumzwa, na leo tunazungumzia utaratibu. Nawaombeni tusikate tamaa mapema hivi. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Alan Worsley alikuwa amelala huku mashine zikimpima, akayazungusha macho yake kushoto na kulia kama alivyokubaliana na mtafiti Keith Hearne, kumjulisha kwamba anaota na anajua kwamba anaota. Na Mfaransa Hervey de Saint-Denys alianza kuandika ndoto zake akiwa na umri wa miaka 13, hata mwaka 1867 akachapisha kitabu juu ya namna ya kuziongoza.

Zuberi, saa 2:54 asubuhi
Je, huyo Mfaransa naye alikuwa na dada wa kumpigia simu alfajiri?

Babu, saa 4:20 asubuhi
Nimesoma yote tangu asubuhi. Daftari la mtu halisomwi na mwingine wala halipigwi picha, na Zuberi atampigia Salma simu leo, si kuandika humu, akamwombe radhi kwa lile la kijani. Wewe Mwanaidi, umetuhesabia siku 19, na katika siku zote hizo hujatusimulia ndoto yako hata moja.

Hamisi, saa 4:22 asubuhi
Shikamoo, Babu. Tumesikia.

Mwanaidi, saa 10:50 jioni
Shikamoo, Babu, na mnisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tangu siku ya 12 kurasa zangu zina tarehe tu. Kila nikiamka jambo la kwanza ninalolifikiria ni nani ameripoti na nani hajaripoti, na nikilimaliza hilo ndoto imeshaondoka. Niliogopa kusema kwa sababu mimi ndiye niliyewakusanya. Tunaweza kuacha picha, mtu akasema tu kwamba ameandika, tena kwa hiari yake. Kuhusu simu za alfajiri bado natafakari, kwani naamini zingemsaidia angalau mtu mmoja.

Salma, saa 11:15 jioni
Zuberi amepiga. Nitajibu suala la kikundi nikishamaliza kufikiri.

Shangazi Tatu, saa 3:05 usiku
Wanangu, simu nimeifungua sasa hivi. Jana niliandika maneno mawili, maji na ngazi, na nilipoyasoma mchana ndoto yote ilirudi pamoja na sauti zake. Hebu mnieleze, kesho tunapigiwa simu au hatupigiwi?

Mwanaidi, saa 3:07 usiku
Nitawajulisha, Shangazi.

Hamisi, saa 3:08 usiku
Yangu itakuwa imezimwa.