Mjadala: Kompyuta na televisheni kwa wafungwa, haki au anasa?

Wakuu, naona watu wanachemka kuhusu wazo la wafungwa kuwekewa kompyuta na televisheni. Gereza si hoteli, mnasema; watoto wa shule za kata hata kipanya hawajakishika, iweje jambazi wa gereza la Ukonga apewe? Hoja ina uzito, siibezi.

Ila tuangalie kwanza nani yuko ndani. Magereza ya Keko na Segerea kuna mahabusu, kesi zao hazijaisha. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Mtu kesi yake inapigwa kalenda mahakama ya Kisutu, "upelelezi haujakamilika", anapandishwa karandinga kurudi rumande. Huyo akinyimwa hata taarifa ya habari, anaadhibiwa kwa lipi?

Aliyehukumiwa naye ana rufaa. Kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu, kwa kawaida ana siku 10 za kutoa notisi, na siku 45 za kuwasilisha sababu. Hana wakili. Kompyuta isiyo na intaneti, yenye sheria zetu ndani, askari magereza kasimama pembeni: anasa iko wapi hapo? Burudani nayo, Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015) zinaitaja wazi, pamoja na maktaba. Karibuni.

Mfanyabiashara, Mbagala: Mkuu, umewahi kuibiwa wewe? Mimi walinivunjia duka, wakabeba hadi feni. Leo aliyenivunjia akae aangalie Simba na Yanga kwa kodi yangu? Na hiyo "isiyo na intaneti" mtaidhibiti wiki mbili tu. Baadaye tutapokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kutoka selo.

Mwanzisha mada: Pole sana kwa duka, kaka. Simu na intaneti tuko pamoja, marufuku. Lakini huyo mwizi wako atatoka, na atarudi mtaani kwenu, si kwangu. Akirudi anajua kutunza hesabu za duka, au anajua alichofundishwa na wenzake selo tu, wewe unachagua lipi?

Mfanyabiashara, Mbagala: Nachagua feni yangu.

Mama lishe, Gongo la Mboto: Nyie wanaume mnabishana kompyuta. Watu wanalala mzungu wa nne huko ndani, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Anzeni na magodoro, mechi watasikiliza redioni.